Raba ya buti: kwa nini hata mpya huvujisha maji

Raba ya buti ni mkanda wa mpira unaozunguka mdomo wa buti la gari, pale mfuniko unapokalia bodi. Ukiuliza kazi yake utaambiwa ni kuziba, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Raba haizibi kwa kujaza nafasi kama simenti inavyojaza ufa. Inaziba kwa kubanwa. Mfuniko ukifungwa, lile bomba laini, lenye uwazi ndani, lililo kwenye mkanda huo linabonyea, na kwa kuwa linataka kurudi katika umbo lake, linausukuma mfuniko muda wote. Msukumo huo ndio unaozuia maji. Kwa raba ya sifongo inayotumika kwenye magari ya zamani, kipimo kizuri ni kubonyea kama theluthi moja: yenye kimo cha milimita 15 ibaki na 10 hivi buti likiwa limefungwa. Ikibonyea milimita 1 au 2 tu, mvua itapita. Ikibonyea zaidi ya nusu, loki itapata shida na raba yenyewe italala mapema.

Raba kulala ni kule kupoteza nguvu ya kurudi baada ya kubanwa muda mrefu. Ibonye kwa ukucha wa kidole gumba. Iliyo hai inafuta alama hapo hapo. Iliyolala inabaki na kishimo, na ikikunjwa inaonyesha nyufa ndogo kama za udongo mkavu. Hiyo haifufuki kwa mafuta wala kwa dawa. Inatolewa.

Mbali na maji na vumbi, kuna jambo zito zaidi ambalo mwenye Peugeot 504 au Datsun aliyelitengeneza gari lake kwa mapenzi hapaswi kulipuuza: moshi. Gari likiwa mwendoni, hewa iliyo nyuma yake hupungua msukumo, ikauvuta moshi wa egzosi kuelekea mfuniko wa buti. Katika magari mengi ya zamani aina ya saluni, kati ya buti na abiria pana kadibodi na siti tu. Raba ikiachia, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, inaingia ndani, nayo haina rangi wala harufu. Kama abiria wa nyuma wanaumwa kichwa kila safari ndefu, kagua egzosi na raba ya buti kabla ya kuendelea kulitumia gari.

Aina zinazokutana na fundi mara nyingi ni mbili. Ya kwanza ina meno ndani, na mara nyingi uti wa chuma, inayovishwa juu ya ukingo wa bati uliosimama. Hiyo kwa kawaida haihitaji gundi. Ya pili ina mgongo bapa na hubandikwa kwa gundi ndani ya mfereji wa bodi, au kwenye mfuniko wenyewe. Usigeuze moja kuwa nyingine. Ya meno ikibandikwa kwenye mfereji bapa itang'oka, na ya bapa haina cha kuushikia ukingo.

Unapokwenda kununua Kariakoo, upande wa Gerezani, chukua kipande cha raba ya zamani chenye urefu wa sentimita 10, kikiwa kimekatwa wima ili sura yake ya ndani ionekane. Jina la gari peke yake halitoshi, kwani gari moja huweza kuwa na milango ya buti ya miaka tofauti. Zungusha uzi kwenye mdomo wa buti upate urefu. Saluni nyingi huangukia kati ya mita 3.5 na 5. Ongeza sentimita 20. Omba EPDM, mpira wa kutengenezwa kiwandani, maana unavumilia jua kuliko mpira wa asili. Kisha jaribu sifongo yake: chovya kipande majini, kikamue. Kikitoa maji kama sifongo ya kuogea, kiache dukani. Hicho ni cha magodoro na viti, na ukikiweka kwenye buti kitashika unyevu juu ya bati mpaka kutu ianze.

Kimo cha raba usikikisie. Kabla ya kuivisha, finyanga vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, vifunge kwa nailoni visishike rangi, uvipange sehemu 8 kuzunguka mdomo: kona 4 na katikati ya kila upande. Funga buti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Zidisha kwa 1.5. Nafasi ya milimita 10 inataka raba ya 15. Vidonge vikitofautiana zaidi ya milimita 3, tatizo ni mfuniko au bawaba, na hakuna raba itakayolirekebisha. Nyoosha bati kwanza. Magari yaliyopita kwa fundi bodi ndiyo yenye kasoro hii zaidi, kwa sababu ukingo uliochomelewa kiraka huongezeka unene. Meno ya raba yaliyotengenezwa kwa bati mbili yanavishwa kwa nguvu kwenye bati nne, yanapanuka, na baada ya wiki mbili raba inaanza kujiinua yenyewe. Saga kiraka hadi ukingo ulingane pande zote, na usiache fila, ile lipu ya kusawazishia bati, juu yake. Fila hupasuka chini ya meno.

Ukingo wenyewe usafishwe mpaka gundi ya zamani iishe. Msasa namba 320 palipo na kutu, praima, rangi. Kwa gari linalolala Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach hatua hii hairukwi, kwani chumvi ya bahari hujificha chini ya raba na kula bati bila kuonekana. Rangi mpya ipe angalau wiki mbili ikauke hadi ndani. Gundi ikipakwa juu ya rangi mbichi, kimiminika chake kinailainisha, na siku ya kubadilisha raba inang'oka pamoja na rangi. Mwisho futa kwa spiriti. Petroli huacha utelezi.

Sasa kufunga. Laza raba kivulini saa kadhaa ikiwa imenyooshwa, ili mikunjo ya rola iishe. Anzia katikati ya upande wa loki, si kwenye kona, kwa sababu kona ndizo zinazovutwa zaidi na kiungo kikikaa hapo kitafunguka. Ya meno ivishe kwa kiganja, kisha igonge kidogo kwa nyundo ya raba, hatua ya sentimita 30 kwa 30. Kanuni kubwa ni hii: usiivute. Raba iliyovutwa inakaa vizuri siku hiyo, halafu jua la mchana linaikumbusha urefu wake wa asili; inarudi nyuma, na kiungo kinaachia pengo la kuingia kidole. Kwenye kona fanya kinyume, isukume iingie kwa wingi kidogo, ili mzingo wa nje usinyooke ukawa mwembamba.

Ya gundi ni hivyo hivyo, ila paka gundi nyembamba pande zote mbili, bati na raba, ngoja dakika 5 hadi 10 mpaka ukigusa kwa kidole isivute nyuzi, ndipo ubandike. Kwa joto la Dar inakauka upesi, hivyo usipake zaidi ya sentimita 40 kwa mara moja. Wakati wa masika pana hatari nyingine. Gundi inapokauka hupoa, unyevu wa hewa unatua juu yake, inakuwa na ukungu mweupe. Ukiona weupe huo, usibandike, haitashika. Fanya kazi mchana, mahali pakavu. Na angalia vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye bomba la raba: ni vya kutolea hewa buti linapofungwa. Vikizibwa na gundi, bomba linakuwa kama mto wa hewa na mfuniko unadunda.

Ukifika mwisho, kata raba ikiwa ndefu kwa milimita 10, kwa wembe mpya uliolowa maji, mkato ulionyooka. Paka gundi kwenye nyuso mbili za mkato, kisha sukuma ncha zikutane zikibanana. Mafundi wengi hukata sawasawa na ukingo kwa kuogopa uvimbe, na hilo ndilo kosa linalorudisha gari gereji kuliko yote. Uvimbe mdogo hutulia wenyewe, pengo halijifungi.

Siku ya kwanza mfuniko utagoma, hasa ule mpana. Usiubamize, maana pembe za bati hupinda. Legeza kile chuma ambacho loki hukikamata, kiinue milimita 2 au 3, shusha pia zile raba ndogo za pembeni zinazoshikilia mfuniko. Funga buti, uliache siku tatu au nne raba ikizoea umbo, ndipo urudishe chuma chini kidogo kidogo.

Jaribio la kwanza ni karatasi. Weka ukanda wa karatasi juu ya raba, funga, uvute. Unatakiwa kutoka kwa ubishi, ukibanwa sawa kila sehemu. Ukitoka wenyewe, hapo pamelegea. Kisha mtu aingie ndani na tochi usiku, buti lifungwe, mwenzake mwenye funguo akiwa nje. Mwanga unaoonekana nje unaonyesha pengo. Maji yawe ya mwisho, bomba lisilo na presha, ukianza chini na kupanda taratibu. Ukianza juu, maji yanatiririka kila mahali na hutajua yalikoingilia.

Na kama buti bado linalowa ilhali karatasi inabana kote, achana na raba ya buti. Kagua gasketi za taa za nyuma, raba ya kioo cha nyuma na maungio ya bati chini ya bawaba. Maji hutembea mbali kwenye bati kabla ya kudondoka, kwa hiyo dimbwi kwenye tairi ya akiba laweza kuwa limetoka taa ya upande wa pili. Nyunyiza poda ya watoto sakafuni mwa buti, mwaga maji, fuata mfereji uliochorwa kwenye poda.

Baada ya hapo osha raba kwa sabuni ya kawaida kila mwezi na uipake silikoni kidogo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Grisi, mafuta ya kujipaka na mafuta taa yasiiguse: EPDM huyanywa, ikavimba, ikalegea, na ile nguvu ya kusukuma inakwisha.