GPS ya chombo kidogo cha tanga: ramani iache mwisho

Ndani ya wiki moja vijana watatu wamefika kibandani kwangu hapa Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kila mmoja na siku yake, na swali likawa lile lile: "Shikamoo fundi, nichukue GPS ipi?" Kila mmoja alinionyesha picha kwenye simu, na picha zote zilikuwa za kifaa chenye kioo kikubwa, bahari ya buluu, visiwa vya manjano. Nikawauliza chombo. Wa kwanza ana ngalawa, wa pili dau, wa tatu mashua ya futi 24 yenye tanga na injini ya kupachika. Betri ya volti 12 anayo huyo wa mashua tu, nayo anawashia taa.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vifaa vya umeme vya baharini, na kabla ya hapo nilikuwa mvuvi wa mshipi. Najibu hapa kwa urefu kwa sababu pesa ya GPS kwa mvuvi ni pesa ya msimu mzima, na inaniuma kuona mtu anarudi mwezi wa pili na kifaa kimekufa.

Kwanza usahihi, maana ndio unaosifiwa sana dukani. GPS inasikiliza satelaiti za Wamarekani zinazozunguka umbali wa kilomita 20,200 juu yetu, na inahitaji kusikia nne ili ijue ilipo. Zamani raia walipewa mawimbi yaliyochafuliwa makusudi, kosa likifika kama mita 100. Marekani iliacha kufanya hivyo tarehe 2 Mei 2000, na tangu hapo hata kifaa cha bei ya chini, kikiwa wazi baharini, kinakosea mita chache tu. Vipya husikia pia satelaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Ni vizuri, lakini sisi hatuna maghorofa ya kuziba mbingu, kwa hiyo faida yake kwetu ni ndogo. Ukiambiwa kifaa kina WAAS au EGNOS, mifumo ya kusahihisha GPS, usiongeze hata shilingi: ya kwanza ni ya Amerika Kaskazini, ya pili ya Ulaya, na huku masahihisho yake hayatufai. Zizime, betri idumu.

Kinachoua GPS kwenye ngalawa ni maji ya chumvi, jua na kuishiwa betri. Hapo ndipo pesa iende.

Tafuta maandishi IPX7 kwenye boksi. Maana yake kifaa kinastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Hayo ni maji ya kipimo, yaliyotulia. Wimbi linalopiga ubavuni ni kitu kingine, na chumvi hula polepole kupitia mpira wa kifuniko cha betri. Basi kila ukirudi, suuza kwa maji baridi, kausha, ndipo ufungue. Vifaa vingi ninavyoletewa vimekufa kwa sababu mtu alibadilisha betri kwa mikono yenye maji ya bahari. Kisha uliza kama kinaelea. Garmin GPSMAP 78 inaelea. eTrex ndogo, ya Garmin pia, haielei, ikidondoka imekwenda. Ukinunua isiyoelea, ifunge kwa kamba na kamba ifungwe kwenye chombo. Ukiifunga kiunoni mwako, siku utakayoanguka itaanguka na wewe, na wenzako ndio watakaoihitaji kurudi kukutafuta.

Betri: chagua inayokula betri za AA. eTrex 10 huenda saa 20 hivi kwa betri mbili, 78 nayo vivyo hivyo. Betri za AA unazipata duka lolote la Mkoani, Wete au Nungwi, na jozi ya akiba inakaa ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana. Kifaa chenye betri ya kuchaji iliyozibwa ndani ni kizuri kwa mtalii anayelala hotelini. Wewe unayekwenda dago, kambi ya wavuvi, wiki mbili utachajia wapi?

Na kioo kitazame juani, saa sita mchana, nje ya duka. Kile cha rangi kinachong'aa sana ndani ya kabati mara nyingi hufifia jua likikipiga. Vile vya kijivu visivyovutia macho ndivyo husomeka zaidi kadiri jua linavyokuwa kali.

Simu? Ndiyo, simu ina GPS kamili, na haihitaji mtandao wala bando kujua ilipo; inahitaji mtandao kuleta ramani tu, nayo unaweza kuipakua ukiwa nyumbani. Lakini kidole chenye maji hakiendeshi kioo cha simu, jua huipasha moto mpaka ijizime, na betri yake ndiyo hiyo hiyo utakayopigia simu ukipata shida. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji iwe ya pili. Isiwe ya kwanza.

Yule wa mashua nilimfanyia hesabu ya kifaa kikubwa cha kufunga. Kikila wati 12 kwenye volti 12, ni ampea 1. Safari ya saa 10 ni ampea-saa 10, juu ya taa zake, na betri ya gari haifurahi kuteremshwa chini ya nusu. Atahitaji sola. Akitaka pia kipima kina, ajue kwamba kile kichwa kinachotuma sauti hakisomi kupitia mbao, kwa kuwa ndani ya mbao mna hewa. Lazima kishuke majini, kwa tundu au kwa mkono wa kupachika tezi, nyuma ya chombo. Mashua inayoburuzwa mchangani kila maji yakipwa itakivunja. Kwa kina, bildi, ile risasi ya kupimia, na kamba yake bado inafanya kazi.

Sasa ramani. Kifaa changu cha kwanza chenye ramani kilinitoa kijasho cha baridi. Tulikuwa tunapita mlango wa bahari wa Tumbatu, usiku, upepo mwanana, na kioo kinaonyesha chombo chetu kiko juu ya nchi kavu, ndani ya mikoko. Nikadhani GPS imeharibika. GPS ilikuwa sawa. Ramani ndiyo ilikuwa pembeni. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, na GPS hutumia WGS 84. Sehemu ile ile, ikisomwa kwa misingi hii miwili, hupishana zaidi ya mita 200. Na hata pale msingi uliporekebishwa, mwamba uliopimwa zamani kwa bildi kutoka kwenye meli hauwezi kuwa sahihi kuliko kazi ya aliyeupima. Ukikuza picha kwenye kioo unakuza mchoro; mwamba hauongezeki ukweli.

Asubuhi nilimsimulia mzee mmoja wa Tumbatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, hicho chombo chako kina kalamu. Kwa nini unasoma maandishi ya wengine?"

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofundisha. Kifaa chochote cha maana huacha nyayo, ile mistari ya vidoto inayoonyesha ulikopita, na hukuruhusu kuweka alama mahali ulipo. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikifika, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na miamba yote iko wazi. Toka na ngalawa au tembea kwa miguu ukingoni mwa mwamba, GPS mkononi, na weka alama kila kona, kila jiwe, kila mdomo wa mlango. Siku tatu za bamvua zinatosha kwa kijiji chako. Nimefanya hivyo kuanzia Mkokotoni mpaka Nungwi, na rafiki yangu wa Wete amefanya kwa mlango wa Njao na pande za Fundo. Ramani hiyo imepimwa kwa kifaa hicho hicho utakachokiongozea chombo, kwa hiyo suala la Arc na WGS halipo tena.

Muhimu: andika maji. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha kama mita 4. Njia uliyopita maji yamejaa ni mchanga mkavu saa sita baadaye. Mimi alama zangu zinaanza na J kama njia ni ya maji kujaa tu, na K kama inapitika hata yakipwa. Kwa hiyo unaponunua, uliza: kinahifadhi alama ngapi, naweza kuzipa majina, naweza kuhamisha nyayo kwenda kwenye kompyuta zisipotee? Kama jibu la hili la mwisho ni hapana, kiache.

Jambo la pili ambalo GPS humpa mtu wa tanga, na dira haiwezi, ni mkondo. Kutoka Ras Nungwi hadi Mkoani ni kama maili 30 za bahari. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma hupata nguvu na unaweza kufika maili 4 kwa saa, kaskazi hupungua. Chukua maili 2 tu, na safari ya saa sita: umesogezwa maili 12 bila kuhisi, kwa sababu maji yote yanayokuzunguka yanakwenda na wewe. Dira inakuambia omo, mbele ya chombo, inatazama wapi. GPS inakuambia chombo kinakwenda wapi. Omo ikitazama digrii 45 na GPS ikisoma 30, mkondo unakupeleka kaskazini: elekeza omo zaidi mashariki mpaka namba ya njia ambayo GPS inasema chombo kinakwenda ilingane na namba ya mwelekeo wa kule uendako. Weka namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja wa kioo, kubwa kubwa, na zilizobaki zifiche. Ile saa ya kufika usiiamini unapobisha, yaani unapokwenda kinyume na upepo kwa kukata huku na huku, maana kila ukigeuza tanga inabadilika. Na upepo ukilala chombo kikisimama, mshale wa GPS huzunguka ovyo. Hapo rudi kwenye dira. Dira ya maji usiiuze kwa sababu umepata GPS.

Kosa ninalolitibu zaidi kuliko yote halihusu kifaa. Mtu anatumiwa sehemu ya samaki kwa simu: kusini 5.24, mashariki 39.59, karibu na Misali. Anaiingiza kwenye GPS kama digrii 5 dakika 24.0, na digrii 39 dakika 59.0. Lakini 5.24 ni digrii na sehemu za mia. Dakika zake ni 14.4. Na 39.59 ni dakika 35.4. Amekosea maili 9.6 kwenda kusini na zaidi ya maili 23 kwenda mashariki. Misali iko magharibi ya Pemba. Alama yake imeangukia upande wa pili wa kisiwa, bahari kuu. Zidisha zile sehemu kwa 60 upate dakika, au badilisha mpangilio wa kifaa kwanza. Dakika 1 ya kusini au kaskazini ni maili 1 ya bahari, mita 1,852, kwa hiyo kosa lolote unaweza kulipima kichwani.

Ukinunua cha mtumba kilichotoka Ulaya, kiache nje chini ya mbingu wazi dakika 20 kabla hujasema kibovu. Kinajifunza satelaiti upya. Tazama tarehe. Hesabu ya wiki za GPS ilianza upya tarehe 6 Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani vinadhani bado ni karibu miaka 20 iliyopita. Mahali mara nyingi ni sahihi, ila saa za maji na mwezi hazifai. Kisha bonyeza kitufe cha mtu aliyeanguka, MOB, mbele ya muuzaji, utembee hatua hamsini, uone kama kinakurudisha.

Yule wa mashua bado anapiga hesabu ya sola. Wa dau amenunua yenye kuelea. Wa ngalawa amechukua eTrex ya mkononi iliyokwishatumika, tumeifunga kwa kamba ya mshipi kwenye mlingoti, na bamvua ijayo saa nne asubuhi tunatoka naye kuweka alama mwamba wa kwao, kuanzia ule mdomo wanaopitia usiku.