Kukata kidogo kidogo si lazima kutunze kisu

Mafundi wengi wa kukereza chuma huamini kwamba mkato mwembamba hurefusha maisha ya kisu: badala ya kutoa milimita 2 kwa mara moja, wanapitisha mara nne.

Inaeleweka, kwani mkato mzito una kishindo. Lakini kinachomaliza makali zaidi ni joto, na joto hupanda hasa kwa kasi ya mzunguko. Kwa visu vya haispidi, yaani chuma kigumu cha kukatia kinachostahimili joto, kuongeza kasi kwa asilimia 20 tu kunaweza kupunguza maisha ya kisu hadi karibu robo. Baada ya kasi huja mwendo wa kusogeza kisu. Kina cha mkato, yaani unene wa chuma kinachotolewa kwa mpito mmoja, huja mwisho. Isitoshe, mipito minne ni muda mrefu zaidi wa msuguano.

Tena mkato ukiwa mwembamba kupita kiasi, ncha haikati, inasugua. Kwa chuma kisichoshika kutu ni balaa: uso unakuwa mgumu, na mpito unaofuata unakwangua ugumu huo.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua vipande viwili vya nondo moja, ubadili kina tu, toa chuma kiasi kilekile, kisha angalia ncha kwa kioo cha kukuzia. Mashine ikitetemeka, hapo punguza kina.