Kilimia kina miaka mingapi?

Usiku wa Desemba, mnamo saa tatu, simama ufukweni Kigamboni, taa za mjini ziwe nyuma yako, utazame juu ya bahari upande wa kaskazini-mashariki. Zile nyota sita hivi zilizosongamana ndizo Kilimia, ambacho wazee walipangia misimu: kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila ninapowaonyesha watu kwa darubini, na sita zikageuka makumi, swali halikosekani: “Mwalimu, umri wake mmeujuaje, na hakuna aliyekuwapo kikizaliwa?”

Nyota moja peke yake haisemi mengi. Lakini hizi zilitoka katika wingu moja, karibu wakati mmoja, zikiwa na uzito tofauti, na hapo ndipo pa kushikia. Nyota yenye uzito wa Jua mara tano ina mafuta mara tano, ila huyachoma kwa kasi ya mara mia kadhaa; ni yule mwenye mshahara mnono anayeanza kukopa tarehe tano. Hudumu miaka milioni 100 hivi, wakati Jua litafika bilioni 10. Basi tunatafuta nyota nzito kuliko zote ambayo bado inachoma haidrojeni, ndiyo mafuta yenyewe, kiinini. Kwa Kilimia, hesabu za zamani zilitoa miaka milioni 70 hadi 100.

Tatizo ni kwamba hatujui vizuri kiini kinajikoroga kiasi gani. Kikivuta haidrojeni mpya kutoka pembeni, nyota huishi zaidi ya tulivyokadiria.

Hiyo ndiyo saa ya kwanza ya kupimia umri; mimi naiamini zaidi ya pili, ile ya nyota hafifu. Nyota changa hujikunja na kupata joto; kiini kikifika nyuzi milioni 2.5 hivi, lithiamu, elementi nyepesi iliyomo tangu mwanzo, huteketea. Nyota ndogo hujikoroga yote, kwa hiyo lithiamu hutoweka hata usoni. Zilizo ndogo zaidi huchelewa kufika hapo. Ukipanga nyota kwa mng’ao, kuna mpaka: juu yake lithiamu imekwisha, chini yake mstari mwekundu unaoitambulisha katika mwanga wa nyota, nanomita 670.8, bado unaonekana. Mwaka 1998 mpaka huo ulipimwa kwa darubini ya Keck, Hawaii, na Kilimia kikapewa miaka milioni 125.

Usiku huohuo, upande wa mashariki, kundi la nyota la Orion linakuwa limeshachomoza. Nyota za katika wingu lake zina miaka milioni chache tu. Huko saa zote mbili zinagoma: nyota nzito karibu zote bado zipo, lithiamu ya zile ndogo haijaguswa, na ndugu wenyewe hawakuzaliwa siku moja.