Acheni Kuisuuza Pasta ya Sikukuu

Jumapili iliyopita dada yangu mkubwa aliniita kwake nionje spageti ya kamba na ngisi anayotaka kuwapikia wageni wa Desemba. Kamba walikuwa wa Ngomeni, wameletwa asubuhi ile ile, maganda bado magumu na vichwa havijaanza kuingia weusi. Nilikuwa kibarazani na watoto niliposikia bomba la jikoni likifunguliwa na maji yakimwagika kwenye chujio. Yakaendelea kumwagika, na yakaendelea. Nikajua basi, imekwisha.

Nilikula, kwa sababu dada ni dada, na kamba wenyewe walikuwa watamu. Lakini sahani zilipoanza kumalizika, chini kulibaki dimbwi la maji mekundu, mafuta yameelea juu yake, na spageti nyeupe kama ambazo hazijawahi kukutana na mchuzi. Dada akaniuliza, "Mbona ya kwenu hotelini haitoi maji hivi?" Nikamwambia ni kwa sababu hatuisuuzi. Hakuniamini. Kila mtu anajua, akasema, pasta husuuzwa ili isishikane, na maji yake hutiwa mafuta.

Nimepika pasta Malindi kwa miaka 22. Maneno hayo nimeyasikia kwa majirani, kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi, hata kwa mzee aliyenifundisha kusafisha ngisi. Leo nayajibu kwa maandishi, ili atakayeniuliza tena nimtumie haya.

Nadhani najua imani hii inatoka wapi. Sisi watu wa pwani tumelelewa na wali, na wali mzuri ni uliochambuka punje kwa punje. Pilau ikishikana mpishi huona haya kuipakua. Hata tambi zetu za sukari, zile za Ramadhani, tunazikaanga kwanza mpaka zigeuke rangi, kisha tunazipika kwa nazi na iliki tukitaka kila uzi ujitenge. Jicho hilo hilo ndilo tunalolipeleka kwenye spageti. Tukiona zinanata tunadhani tumeharibu, tunakimbilia bomba. Lakini mchele wa pilau umeshakunywa supu yake ndani ya sufuria. Ladha iko ndani ya punje. Spageti imechemshwa kwa maji na chumvi tu, na inakutana na mchuzi dakika za mwisho kabisa. Kitu pekee kitakachoushika mchuzi huo ni ule utelezi unaonata vidoleni, yaani wanga. Ndio huo mnaoupeleka kwenye mtaro wa sinki.

Ngojeni niueleze vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Pasta kavu ya Italia ni ya ngano ngumu, durum. Sheria yao imelazimisha hivyo tangu mwaka 1967. Wanga wa ngano hiyo umekamatwa na wavu wa protini, ndiyo maana uzi unachemka dakika kumi bila kumumunyuka. Ila ule wa juu juu hunywa maji, huvimba, na sehemu yake hutoka na kuyafanya maji yawe na ukungu. Unaobaki juu ya uzi ni gundi. Sasa angalia mchuzi wa kamba: hauna krimu, hauna unga, hauna tui. Una mafuta ya zeituni na maji ya kamba, vitu viwili ambavyo ukiviacha dakika moja kila kimoja kinashika njia yake. Wanga ndio unaovipatanisha. Unayazuia matone madogo ya mafuta yasirudi kukutana na kupanda juu, na mchuzi unakuwa mzito, unang'aa, umeuvaa uzi wote. Dimbwi la dada halikuwa la kamba wabaya. Lilikuwa mafuta na maji yaliyokosa wa kuyasuluhisha.

Mafuta kwenye maji ya kuchemshia nayamaliza haraka. Mafuta yanaelea, pasta iko chini. Kinachozuia nyuzi zisishikane ni kuzikoroga dakika mbili za mwanzo, wanga wa nje unapoanza kulainika, na maji yawe yanatokota kwelikweli. Mafuta yanapunguza povu, nakubali. Kupunguza moto kidogo kunatuliza povu vile vile, na chupa ya zeituni inabaki kwa kazi inayoistahili.

Hata hivyo sitaki kumwonea mtu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Zipo pasta madukani kwetu zilizotengenezwa kwa ngano laini. Ukiichemsha hiyo, maji yanakuwa uji na nyuzi zinakuwa ubwabwa. Aliyejifunzia kwenye pasta hiyo akaona kuisuuza kunaiokoa, hakuwa mjinga. Alikuwa anatibu ugonjwa wa pakiti. Soma pakiti. Kama haikuandikwa durum, iache rafuni. La pili ni hoteli. Katika jiko moja nililofanyia kazi ujanani tulikuwa tunachemsha pasta nusu, tunaitandaza kwenye trei, tunaipaka mafuta, na oda ikija tunaichovya tena kwenye maji moto. Wageni themanini hawapikiwi mmoja mmoja, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Kijana akiona hivyo kazini anaenda nyumbani akiamini ndivyo ipasavyo. Ilikuwa njia ya kuokoa muda, na utamu wake ulipungua. Tulilijua hilo wote pale jikoni. Saladi ya pasta baridi, hiyo isuuze upendavyo.

Hapa Malindi jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu spageti si ngeni kwetu. Wataliano wamekuwa hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia roketi baharini pale Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka pale setilaiti iliyopewa jina hilo hilo, Uhuru. Baada ya mafundi wakaja wenye hoteli na wenye nyumba za ufukweni, na leo wauza vinyago wa Malindi na Watamu wanapatana bei kwa Kitaliano. Mji wenye historia hiyo haufai kula spageti iliyooshwa.

Na usiku wa tarehe 24 Desemba ndio usiku wake. Wataliano wanauita Vigilia, mkesha wa Krismasi, na kwa desturi yao ya Kikatoliki hawali nyama usiku huo. Meza ni ya samaki na vya baharini. Napoli wana spageti yao ya kombe wadogo, vongole. Sisi tuna kaskazi imeshaanza kuvuma, bahari imetulia kuliko miezi ya kusi, na soko lina kamba, ngisi, kaa na pweza. Mimi ni Mwislamu, mkesha huo naupika kama kazi. Lakini sahani ile ile naipika nyumbani sikukuu ya Idi, na mama huiomba kabla hajaulizia biriani.

Kwa watu watano au sita nachukua nusu kilo ya spageti, kilo ya kamba wenye vichwa, na nusu kilo ya ngisi. Kombe nikiwapata naweka. Nawaloweka saa chache kwenye maji yenye chumvi kama ya bahari, gramu 35 kwa lita, wateme mchanga. Kamba menya, toa uzi mweusi wa mgongoni, weka pembeni.

Vichwa na maganda usitupe. Nasema tena, usitupe. Yakaange kwa mafuta na kitunguu saumu mpaka yawe mekundu na nyumba ianze kunukia, yaponde kwa mwiko, tia lita moja ya maji, acha yachemke polepole dakika 20, kisha chuja ukikamua kwa nguvu. Lazima kuanza na mafuta kwa sababu rangi ya kamba huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Anayechemsha maganda kwa maji peke yake anapata maji ya kijivu halafu anatafuta nyanya ya kopo ya kuyaficha. Supu hii unaweza kuitengeneza tangu asubuhi. Ladha ya sikukuu iko humu zaidi kuliko kwenye minofu.

Ngisi ana nyakati mbili za kulika: kabla ya dakika mbili, au baada ya dakika arubaini. Katikati hapo ni raba. Kwa sahani hii mkate pete nyembamba, mpitishe kwenye kikaango chenye moto mkali, mtoe. Kamba vile vile: wakigeuka rangi na kuanza kujikunja, watoe hata kama unaona katikati hawajawa tayari. Watarudi baadaye. Pweza mchemshe mbali, saa nzima ya moto mdogo, umkate baada ya kupoa. Kuhusu kumpiga kwa gongo kama wafanyavyo wavuvi wetu, inasaidia. Kumgandisha kwenye friza kunasaidia vile vile, na majirani wanalala.

Sasa pasta. Chumvi vitabu vinasema gramu 10 kwa kila lita. Kwa vya baharini mimi natia 7, kwa kuwa kombe na supu ya kamba vina chumvi yao, na niliwahi kuharibu sufuria nzima kwa kufuata kitabu. Maji vitabu vinasema lita moja kwa kila gramu 100. Hapo siku hizi sitii. Natumia pungufu, lita tatu na nusu kwa nusu kilo, nakoroga zaidi, na maji yanatoka yakiwa na wanga mwingi. Kuna wapishi ninaowaheshimu wanaonikemea kwa hilo. Mchuzi wangu unashika.

Pakiti ikisema dakika kumi, mimi naitoa ya saba. Kata uzi mmoja utazame: katikati kuna nukta nyeupe, Wataliano wanaiita anima, yaani roho. Roho ikiwa bado ipo, itoe kwa koleo, iende moja kwa moja kwenye kikaango ikiwa inachuruzika. Huhitaji chujio kabisa. Ukilitumia, teka kwanza vikombe viwili vya yale maji.

Kikaangoni umeshatangulia: robo kikombe cha mafuta ya zeituni, kitunguu saumu kilichopondwa ambacho hakijaungua, pilipili kidogo, nyanya ndogo kiasi cha robo kilo zilizokatwa na kulegea, na nusu ya supu ya kamba inachemka. Anayetumia mvinyo mweupe hutia kabla ya supu na kuuacha ukauke. Mimi natumia ndimu mwishoni, na sijamsikia mgeni akilalamika. Tia spageti. Moto mkali. Kuanzia hapa usiondoke, usishike simu, usiitikie mlango. Geuza, rusha, koroga, dakika tatu, ukiongeza supu au maji ya pasta kijiko kikubwa kimoja kila panapokauka. Roho ya uzi inamaliza kuiva kwa kunywa supu ya kamba badala ya maji matupu, na uzi wenyewe unaendelea kutoa wanga wake. Sikiliza: mwanzoni kikaango kinachemka kama supu, wanga ukishika, sauti inageuka, inakuwa nzito, ya kuchapachapa, kama mtu anayekanyaga tope. Vuta spageti pembeni. Mchuzi ukirudi polepole kuziba nafasi, uko tayari. Ukikimbia kama maji, bado. Usiporudi kabisa, umepitiliza. Ongeza kijiko cha maji.

Rudisha ngisi na kamba kwa dakika moja ya mwisho. Zima moto. Halafu tia mafuta mabichi ya zeituni, vijiko viwili, pasli iliyokatwakatwa, ndimu, na rusha tena kwa nguvu huku moto umezimwa. Mrusho huu wa mwisho watu wanauruka, nami siwaelewi. Hapo ndipo mchuzi unapopata kung'aa.

Jibini? Wataliano wengi wanakataa jibini kwenye vya baharini, na kwa miaka mingi nilikataa nao, hata kwa ukali. Siku hizi msimamo wangu umelegea. Nimeonja kome waliotiwa pekorino kidogo, jibini ya maziwa ya kondoo, mapishi ambayo wenyewe kusini mwa Italia wanayo, na yalikuwa mazuri. Kwenye kamba wetu wa Ngomeni bado siweki, kwa kuwa wana utamu mwembamba unaozimwa na jibini. Mgeni akiomba, nampelekea mezani aamue mwenyewe.

Wageni wakizidi wanane, usirundike yote kikaango kimoja. Haitarushika, itachemka tu. Gawa mara mbili, vikaango viwili au zamu mbili, supu ikiwa tayari hakuna zamu itakayozidi robo saa. Na kikombe cha mwisho cha maji ya pasta kiache karibu na jiko. Pasta hukaza ikikaa, na wageni wa sikukuu hawaketi wanapoitwa. Vijiko viwili vya maji hayo yakiwa moto, mirusho mitatu, na inarudi kama ilivyotoka.