Dizeli filta kwenye Hilux ya zamani: kazi yake, ilipo na kuibadilisha

Wenye pikapu za zamani wengi wanaijua oili filta na eya klina, ila dizeli filta ukiwauliza iko wapi wanakwambia "ipo hapo hapo kwenye injini" basi, na gari yenyewe ndo inayowalisha. Hii inaniuma kwa kweli, maana ni kitu cha bei ndogo kinacholinda kimoja kati ya vitu vya bei kubwa kwenye injini ya dizeli, yaani pampu.

Dizeli filta ni chujio lililo katikati ya tenki na pampu. Ndani ya kile kikopo cha bati kuna karatasi imekunjwakunjwa, dizeli inaingia kwa pembeni, uchafu unabaki nje ya karatasi, safi inatokea kwenye tundu la katikati kwenda kwenye pampu. Ila kazi yake nyingine ambayo wengi hawaijui ni maji. Tenki likilala nusu, usiku wa baridi hewa ya mle ndani inatoa umande, na maji ni mazito kuliko dizeli (lita ya dizeli ina kama gramu 840 hivi, ya maji kilo nzima) kwa hiyo yakifika kwenye filta yanatulia kwenye kitako. Pampu na nozeli (zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini) hazina oili yake ya kulainisha, zinalainishwa na hiyo hiyo dizeli, sasa maji yakipenya pale chuma kinasagana na chuma, kutu inaanza, na bili yake ni ya kununua filta za miaka mingi.

Tuchukue Hilux LN106, zile zenye injini ya 3L ya cc 2779, bado zipo nyingi barabarani. Fungua boneti utafute kikopo kimesimama wima, kimefungwa kwenye bodi ya gari na sio kwenye injini, juu yake kuna kibonyezo cha duara (ndo pampu ya mkono), pembeni mipira miwili, na chini kuna waya wa sensa ya maji na koki ndogo ya plastiki. Ukichanganyikiwa fuata mpira unaotoka tenki, utakufikisha. Kikopo kilichobana kwenye ubavu wa injini yenyewe bila mipira ni oili filta, hicho usikiguse, nimeshaona kijana amekifungua akidhani ndo chenyewe na oili ikamwagika chini yote.

Dalili za filta kuziba, ukiwa huna mzigo kwenye tambarare gari iko sawa tu, ila beba mzigo upande mlima Kitonga uone, unakanyaga mafuta na gari haiitiki. Kuna kipimo kimoja nakipenda sana, injini ikiwa inaunguruma angalia kile kibonyezo cha juu, kikiwa kimevutwa chini na hakirudi maana yake pampu inavuta na filta haipitishi. Lakini kama shida ni gari kuwaka kwa tabu asubuhi tu halafu mchana ipo vizuri, hapo shuku kwanza hewa inayoingia kwenye mipira au kwenye raba ya pampu ya mkono iliyochanika, utabadilisha filta tatu na tatizo litabaki pale pale.

Kubadilisha sio kazi ya kutisha. Zima injini ipoe, chomoa waya wa chini, tega kopo, fungua koki dizeli itoke, halafu zungusha filta itoke, ikigoma tumia spana ya mkanda. Ile sensa ya maji ya chini usiitupe na filta ya zamani!! Ihamishie kwenye mpya na oringi (raba ya duara) mpya. Raba ya juu ipake dizeli kidogo, funga kwa mkono, raba ikigusa ongeza robo tatu ya mzunguko basi, spana hapana.

Sasa hapa ndo mafundi wengi wanapoharibu. Wanaijaza filta mpya dizeli kutoka kwenye kidumu kupitia lile tundu kubwa la katikati, eti iwake haraka. Lile tundu ni upande wa safi, ukimimina pale uchafu wa kidumu chako unaenda moja kwa moja kwenye pampu, umeiruka karatasi yote. Ifunge tupu, halafu bonyeza pampu ya mkono, mwanzo ni laini kabisa, endelea hata mara 50 au zaidi mpaka iwe ngumu, hapo ndo upige stata. Ikiwaka ikazima usiendelee kuikomalia stata ukaua betri, rudi kubonyeza.

Halafu kuna watu wanaamini filta nzuri inawaokoa na mafuta yaliyochakachuliwa. Haiwaokoi. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli yanapita kwenye karatasi kama dizeli yenyewe, na hayalainishi pampu inavyotakiwa. Mnakumbuka Tanzania 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei isiachane sana na dizeli, na Kenya 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita, shida ilikuwa ni hii hii. Dawa yake ni sheli unayoiamini.

Mimi nabadilisha kila oili chenji ya pili, yaani kilomita 10,000 hivi, kwa vumbi la huku sioni ni mapema. Katikati ya hapo kila Jumapili asubuhi kabla sijawasha nafungua koki ya chini, nakinga kwenye chupa ya kioo, nasubiri dakika chache, maji yanajitenga chini unayaona kabisa. Yakiwa ni matone nafunga naendelea, yakiwa vidole viwili tenki linashushwa siku hiyo hiyo.