Qingming sio sikukuu ya mizimu: tunayoyasema kuhusu Wachina na makaburi yao

Kila mwaka Aprili ikianza tu lazima ipite video kwenye simu yako, Wachina wamechuchumaa kaburini wanachoma mabunda ya noti, moshi umetanda, pembeni kuna machungwa na kuku mzima kwenye sahani, na chini yake mtu kaandika "siku ya mashetani China", afu nusu ya watu wanacheka nusu wanakemea. Mimi nimefanya kazi na Wachina miaka kadhaa na hii sikukuu yao ya Qingming (soma "ching-ming") ndo niliyowasumbua nayo kwa maswali kuliko hata mwaka mpya wao, maana kila nikiuliza nakuta nilichokuwa nakijua sicho. Basi nimekusanya yale ninayoyasikia sana mtaani, tuyaangalie moja moja.

"Ni sikukuu ya wafu, hata jina lake linatisha"

Jina lenyewe halina mfu hata mmoja. *Qing* ni safi, *ming* ni angavu, yani ile hali ya anga baridi ikishaondoka, mvua imeosha vumbi, majani yamechipua na mtu ukitoka nje unaona mpaka mlima wa mbali. Wachina wa zamani waliugawa mwaka vipindi 24 kwa kufuata jua, kila kimoja kama siku 15 hivi, na Qingming ni cha tano. Kalenda hiyo ya vipindi 24 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2016. Kwa hiyo kabla haijawa siku ya makaburi hii ilikuwa tarehe ya mkulima, na mpaka leo wana msemo kwamba Qingming ikikaribia au ikishapita kidogo, panda maboga na maharage. Kama wazee wetu wanavyoangalia mawingu ya vuli afu wanakwambia shika jembe.

Na chai! Hapa wapenzi wa chai mnisikilize. Chai ya kijani ya Longjing kutoka mji wa Hangzhou bei yake inagawanywa na siku hii, majani yaliyochumwa kabla ya Qingming yanaitwa *mingqian* na ndo ghali kabisa, sababu vichipukizi vya mwanzo vinakua taratibu kwenye baridi, ni vidogo, ni laini na ni vichache. Ukichuma wiki mbili baadae majani yamejaa lakini bei imeshashuka. Mfanyabiashara wa chai ukimtajia Qingming wala hawazi kaburi, anawaza hela.

"Inahama hama kama mwaka mpya wao"

Hapana. Mwaka mpya wa Kichina unafuata mwezi, ndo maana 2025 uliangukia 29 Januari na 2026 ukaenda mpaka 17 Februari. Qingming inafuata jua, inakuja siku kama 15 baada ya ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku vinalingana, kwa hiyo kwenye kalenda yetu ni tarehe 4 au 5 Aprili, basi. 2025 ilikuwa tarehe 4, 2026 ni tarehe 5. Hii inawachanganya hata watu wanaoijua China kidogo, wanadhani kila sikukuu ya Wachina ni ya kuangalia mwezi.

"Wanachoma hela za kweli"

Jamani. Mchina gani huyo unayemjua wewe anachoma hela. Zile ni karatasi zilizochapwa mahsusi, zinauzwa kwa mabunda kwa bei rahisi, tarakimu zake ukizitazama ni mamilioni na mabilioni, na mara nyingi zina picha ya mzee mwenye ndevu na taji ambae ni Mfalme wa Mbinguni kwenye imani zao. Wazo lake ni kwamba moshi unapeleka mzigo upande wa pili, ndugu asipungukiwe. Siku hizi wanachoma mpaka magari ya karatasi, simu za karatasi na nyumba za ghorofa za karatasi. Nilimuuliza jamaa yangu Mchina, sasa hiyo simu chaja yake iko wapi? Akacheka, akasema na chaja ya karatasi ipo, inauzwa.

Kuna lingine hapo hapo, noti nyingi za aina hiyo zina maandishi ya Kiingereza yanayosema ni za benki ya jehanamu, ndo watu wakasema ona, wanawatakia wazee wao moto wa milele. Ukisoma Kichina kilichoandikwa pale pale ni benki ya ulimwengu wa wafu, mahali anapokwenda kila aliyekufa, mwema kwa mbaya. Aliyeweka Kiingereza ndo alichemka.

Na usidhani serikali yao inapenda. Kanuni zao za mazishi za mwaka 1997 zilikataza kutengeneza na kuuza vifaa vya mazishi vya kishirikina, miji mingi imepiga marufuku kuchoma barabarani, na vijijini kila Aprili kuna hofu ya misitu kuwaka moto maana kila mlima una makaburi na kila kaburi lina mtu na kiberiti. Wanahimizwa wapeleke maua, au wafagie kaburi kwa njia ya mtandao, unafungua ukurasa wa marehemu unabonyeza mshumaa. Watu wengine wanakubali, wengine bado wanachoma pembeni usiku kwenye kimduara walichochora chini kwa chaki.

"Wanaabudu mababu"

Hili ndo zito, na sio sisi wa kwanza kulisema. Wamisionari wa Kikatoliki waligombana juu yake zaidi ya miaka mia moja. Matteo Ricci, padri wa shirika la Wajesuiti, aliyefika China mwaka 1582 na akafia Beijing 1610, aliona kumwinamia mzazi aliyekufa ni heshima ya kifamilia tu, mtu anaweza akawa Mkristo safi na bado akafanya. Wenzake wa mashirika mengine wakasema hapana, hiyo ni ibada ya sanamu. Kesi ikafika Roma, Papa Benedict wa 14 akafunga mjadala mwaka 1742 kwa kukataza kabisa, na marufuku hiyo ikakaa mpaka Desemba 1939, chini ya Pius wa 12, ndo Roma ikaruhusu Wakatoliki wa China kuinama mbele ya kaburi au picha ya marehemu. Karibu miaka 200! Kwa hiyo ukiona mtu anamaliza mjadala huu kwa sentensi moja mtandaoni, mwambie taratibu.

Sasa wanachofanya pale ni nini hasa? Kazi kubwa ni usafi. Jina la mtaani la tendo lenyewe ni *sao mu*, kufagia kaburi. Mnang'oa magugu, mnaongeza udongo, mnapaka upya rangi maandishi ya kwenye jiwe, mnaweka chakula na kikombe cha pombe, mnawasha vijiti vya udi, mnainama kwa zamu kuanzia mkubwa mpaka mtoto, mara nyingi mara tatu. Kuna anaeamini kabisa kwamba babu anasikia na anaweza kumletea baraka au nuksi, na kuna msomi asiyeamini chochote kabisa lakini asipoenda mama yake hatomwelewa. Wote wanainama sawa. Ukimuuliza Mswahili anayesafisha kaburi la baba yake kabla ya Ramadhani kama anamwabudu baba utapata jibu lake, na Wachina wana lao. Na Waislamu wa China, kama kabila la Wahui, hawachomi karatasi yoyote, wao wakizuru makaburi wanasoma Kurani.

"Ilianza na yule jamaa aliyeunguzwa mlimani"

Hii hadithi ni tamu, ngoja niieleze. Mwanamfalme Chong'er wa dola ya Jin alikimbia nchi yake akatangatanga miaka 19. Siku moja njaa imewazidi, mtumishi wake Jie Zitui akakata nyama ya paja lake mwenyewe akampikia supu. Chong'er akaja kutawala mwaka 636 kabla ya Kristo, akagawa vyeo kwa kila aliyekuwa nae, akamsahau wa paja. Jie hakudai kitu, akambeba mama yake wakahamia mlimani, Mianshan, mkoa wa Shanxi wa leo. Mfalme alipokumbuka akamfata, akakataa kutoka, mtu akashauri uchomeni mlima moto atatoka mwenyewe. Hakutoka. Wakamkuta na mama yake wamekufia chini ya mti wa *liu*, ule wenye matawi yanayoning'inia kama nywele zilizolowa. Kwa majuto mfalme akakataza moto siku hiyo, watu wale chakula baridi.

Sasa shida ni mbili. Moja, hadithi hii inaeleza sikukuu nyingine, Hanshi, maana yake "chakula baridi", iliyokuwa inakuja siku moja au mbili kabla ya Qingming. Pili, maandiko ya zamani zaidi yanayomtaja Jie yanasema tu alijificha na mama yake mpaka akafa, na mtawala akatenga mashamba kwa ajili ya kumkumbuka. Hakuna paja, hakuna moto, hayo yaliongezwa na wasimuliaji baadae. Hata hiyo ya kula baridi ilikuwa imezidi kule Shanxi, kwenye baridi vile watu wanakaa siku nyingi bila moto, watoto na wazee wanaumia, mpaka mtawala Cao Cao mwanzoni mwa karne ya 3 akatoa amri ya kuipiga marufuku. Haikusikilizwa sana.

Kilichotokea ni kwamba watu walikuwa wanaenda makaburini siku ya Hanshi, na mwaka 732 mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang akaliingiza jambo hilo kwenye taratibu rasmi za dola. Qingming ilikuwa jirani tu, ndo siku ya kuwasha moto mpya baada ya ule uliozimwa, na kadiri karne zilivyokwenda jirani akameza nyumba nzima. Hanshi leo Wachina wengi wanaisoma tu shuleni.

"Ni siku ya kulia tu"

Asubuhi labda. Kufagia kukiisha, watu wanatembea. Kuna neno lake kabisa, *taqing*, kukanyaga kijani, yani kwenda kuzurura kwenye majani mapya. Zamani wanawake waliokuwa wanafungiwa ndani mwaka mzima siku hii walitoka wakabembea kwenye bembea, na watoto walirusha tiara, wengine wakishaifikisha juu wanakata uzi iende na mikosi yao. Mwaka 1915 serikali ya jamhuri iliifanya Qingming kuwa siku ya kupanda miti, kabla haijahamishiwa tarehe 12 Machi, siku aliyokufa Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri hiyo.

Na kula je! Shanghai na maeneo ya jirani wanakula *qingtuan*, vidonge vya kijani vya unga wa mchele unaonata, rangi inatoka kwenye majani ya jamii ya pakanga, ndani kuna maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Fujian na Taiwan wanakunja mboga, karanga na nyama kwenye chapati nyembamba. Jamaa yangu ni wa Guangdong, mkoa wa kusini, wao wanapandisha nguruwe mzima wa kuchoma mpaka kaburini, wanamwonesha babu, afu linatolewa panga anakatwa pale pale kila familia inaondoka na fungu lake. Alikuwa akisimulia hapo macho yanamng'aa, sio ya machozi.

"Ni likizo yao ya miaka yote"

Kama mapumziko ya kitaifa China bara ni tangu 2008 tu. Kabla ya hapo ilibidi uombe ruhusa au uende wikiendi. Na sio mambo ya kifamilia tu siku zote, Aprili 1976 maelfu walimiminika uwanja wa Tiananmen na mashada ya maua kumwomboleza waziri mkuu Zhou Enlai aliyekufa Januari, majivu yake yalimwagwa kutoka kwenye ndege kwa hiyo hana kaburi la kufagia, watu wakayaweka mashada yao kwenye mnara wa mashujaa. Usiku wa Qingming mamlaka ikayazoa yote na kesho yake kukawa na vurugu kubwa. Na tarehe 4 Aprili 2020 saa nne asubuhi nchi nzima ilisimama dakika tatu kwa waliokufa na korona, honi za magari na ving'ora vinalia.

"Hiyo ndo siku ya mizimu yenye njaa, wanafunga milango"

Hiyo ni nyingine, ya tarehe 15 mwezi wa saba kwa kalenda yao. Pale ndo inasemekana roho zisizo na ndugu zinatoka kuzurura. Qingming wewe ndo unaenda kwa wazee, wao hawaji kwako.

"Huku kwetu haituhusu"

Nenda Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kuna makaburi ya Wachina kule, zaidi ya 60, wengi ni mafundi waliokuja kujenga reli ya TAZARA miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi Zambia, wakafa kwa ajali na maradhi hawakurudi. Mawe yamepangwa kwa mistari, yana Kichina. Kwenye msimu wa Qingming watu wa ubalozi wao na wafanyakazi wa makampuni ya Kichina wanafika na maua, wanainama, wanasimama kimya. Ukifikiria vizuri, mtoto wa fundi yule alie kijijini China hawezi kuja kila Aprili kung'oa magugu ya kaburi la baba yake lililoko Dar, kwa hiyo wanamfanyia watu asiowajua.

Mwisho, hili la salamu maana najua mtaniuliza. Ukiwa na rafiki Mchina usimtumie "heri ya Qingming" na maua na fataki kama unavyotuma mwaka mpya. Wapo wasiojali, ila wengi wanaona haikai sawa kumpongeza mtu anayetoka kaburini kwa mama yake. Mwulize tu kama amefanikiwa kwenda nyumbani. Na kama ni wa Guangdong, mwulize nguruwe alikuwaje.