Gimba jeusi ni nini, na mbona jua nalo ni moja

Saa moja jioni mwezi wa saba, baridi ya Nairobi unaijua, umesimama kando ya mama wa mahindi choma hapo steji ukingoja matatu na miguu inapata joto kabla hata hujanyoosha mikono. Sasa hiyo joto imefikaje kwa miguu? Si hewa, hewa moto inapanda juu. Weka kartoni kati yako na jiko, joto inakatika hapo hapo, itoe, inarudi. Hiyo ni mionzi, ndugu ya mwanga kabisa, spidi ni ile ile, ila nyingi yake macho hayaioni. Inaitwa infraredi.

Na si jiko peke yake, sufuria, ukuta, hata wewe mwenyewe unatoa mionzi saa hii. Vitu vinavyong'aa kama bati jipya hutoa kidogo, kwa hivyo wanafizikia wakatafuta kitu cha kulinganishia: kitu kinachomeza mionzi yote inayokifikia, hakirudishi hata chembe. Ndio gimba jeusi, jina alilolipa Mjerumani Gustav Kirchhoff mwaka wa 1860. Sasa kinachomeza vizuri ndicho kinachotoa vizuri, so gimba jeusi likipashwa moto linawaka kuliko kitu kingine chochote cha joto lile lile, na ndio maana jua, na weupe wake wote, linahesabiwa karibu gimba jeusi. Jina baya kweli. Ukitaka kuliona karibu chungulia jikoni kwa huyo mama, kile kipango kati ya kaa na kaa kinawaka kuliko uso wa kaa lenyewe, mionzi imenaswa humo inagongagonga.

Utamu wake ni kwamba gimba jeusi halijali limeundwa na nini, rangi ya mwanga wake inaamuliwa na joto tu. Chuma cha fundi wa Kamukunji kinaanza wekundu hafifu kwenye nyuzi 525 hivi, kinaenda rangi ya chungwa, kikizidi ni njano. Nyota ya bluu ni moto kuliko nyekundu, kinyume na mifereji ya bafu. (Moto wa gesi usikuchanganye, ile bluu ni mambo ya kemia.)

Hesabu za zamani zilidai jiko litoe nishati isiyo na mwisho upande wa urujuanimno (mionzi isiyoonekana iliyopita rangi ya zambarau), yani mama mahindi angetumaliza sote. Mwaka wa 1900 mwanafizikia Max Planck akasema nishati inatoka kama unga wa pakiti, hakuna kupimiwa, na pakiti za urujuanimno ni kubwa mno, jiko haliwezi kuzilipia.

Ile bunduki ya kupima joto ya askari wa supamaketi wakati wa Korona, watu wakikwepa ati inachoma ubongo? Haikuwa inatuma kitu. Ni paji lako lilikuwa linamulika, infraredi, hasa mawimbi ya mikromita (sehemu ya milioni ya mita) kati ya 9 na 10, yenyewe inapokea tu.